Kwa Nini Kamera Inamtazama Mgonjwa wa Kifafa

Somo kwa wagonjwa, wazazi, na wote wanaokaa kando ya kitanda

Ndugu msomaji, bila shaka umekwisha kumwona mtu akianguka. Pengine ni mtoto wako mwenyewe. Pengine ni mama aliyeketi mbele yako kanisani. Alilia kwa sauti, mwili ukakauka, mikono na miguu ikatetemeka, mate yakamtoka kinywani. Watu wengine walikimbia. Wengine walisema, "Msimguse, mate yake yatawapa ugonjwa." Wengine walisema ni uchawi wa mjomba wake. Na wengine walisema anajifanya tu.

Mtu mmoja ameanguka, na watu wametoa hukumu nne. Sasa ni nani anayejua ukweli?

Somo hili linafundisha namna hospitali inavyoutafuta ukweli huo. Inatumia vitu viwili pamoja: mashini inayoandika kazi ya ubongo, jina lake EEG, na kamera inayopiga filamu ya mgonjwa saa ile ile. Inafaa uelewe kazi ya vitu hivi. Mgonjwa anayeelewa haogopi, na msaidizi anayeelewa haharibu kazi.

1. KIFAFA NI UGONJWA WA UBONGO

Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo sana. Ukiinua kidole, ukikumbuka jina la rafiki, ukisikia ngoma, umeme huo unapita. Fikiri soko lenye watu wengi. Kila mtu anaongea na mwenzake, na kazi za soko zinaendelea vizuri. Lakini kama ghafula watu wote wangepiga kelele moja kwa pamoja, hakuna mtu angeweza kununua wala kuuza. Ndivyo ilivyo wakati wa kifafa. Sehemu ya ubongo, ao ubongo wote, inapiga kelele moja, na kazi nyingine zinasimama.

Kifafa hakiambukizi. Mate ya mgonjwa hayampi mtu kifafa, wala sahani yake, wala kitanda chake. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema watu karibu milioni 50 duniani wana kifafa, na karibu 80 katika kila 100 wanakaa katika nchi zenye mali kidogo na za kadiri. Sababu zake ni nyingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyoingia kichwani, homa ya uti wa mgongo, mayai ya mnyoo wa nguruwe, pigo la kichwa, na mengine. Watu wengine wanazaliwa na mwelekeo wa ugonjwa huu. Na penye mito ya mbio yenye nzi weusi wanaoleta upofu, kifafa kimeonekana kwa watu wengi kuliko mahali pengine. Hata katika Kongo yetu jambo hili limechunguzwa.

2. MASHINI YA EEG INAFANYA NINI?

Munganga Mdachi, jina lake Hans Berger, aliandika umeme wa ubongo wa mtu mara ya kwanza mwaka 1924, na akatangaza kazi yake mwaka 1929. Tangu hapo mashini zimekuwa bora, lakini kazi ni ile ile. Tunabandika visahani vidogo vya madini juu ya ngozi ya kichwa kwa dawa laini kama uji mzito. Mpango unaotumiwa sana ulitangazwa mwaka 1958, nao una visahani 21. Tunapima kichwa kwa utepe kusudi kila kisahani kikae mahali pake.

Jua mambo matatu:

Kwanza, mashini haitii umeme ndani ya kichwa chako. Inasikiliza tu, kama munganga anavyosikiliza moyo.

Pili, mashini haisomi mawazo yako. Haijui dhambi zako wala siri za nyumba yako. Inaandika mistari inayopanda na kushuka, basi.

Tatu, umeme unaosikilizwa ni mdogo kupita kiasi. Hata wimbi kubwa la kawaida, ungelazimu kugawanya nguvu za betri moja ya tochi katika sehemu 15 000 kupata kiasi chake. Ndiyo sababu kitu kidogo tu kinaweza kuharibu maandiko.

Kwa hiyo, kabla ya kuja, fungua misuko yote na uondoe nywele za kuongeza. Osha kichwa kwa sabuni, na usipake mafuta. Mama asiona haya kwa ajili ya nywele zilizofunguliwa. Atapewa kitambaa cha kujifunika. Endelea kunywa dawa zako za kila siku, isipokuwa munganga mwenyewe amekuambia namna nyingine. Pengine tutakuomba upumue kwa nguvu kwa dakika 3. Kama una ugonjwa wa damu unaoitwa SS, utuambie mbele, maana wewe hutafanya jambo hilo.

3. MISTARI PEKE YAKE HAITOSHI

Mtu anaweza kuuliza, "Kama mashini inaandika kazi ya ubongo, kamera ni ya nini tena?" Ni swali zuri. Kuna majibu matatu.

Jibu la kwanza: kifafa hakiji kila saa. EEG ya kawaida inachukua dakika 20 ao 30. Katika wagonjwa wa kweli wa kifafa, karibu nusu hawaonyeshi alama yo yote katika EEG yao ya kwanza. Kwa hiyo mashini iliyosema "sijaona kitu" haijasema "hakuna kitu". Mara nyingine inafaa kuandika usiku kucha, ao siku nyingi, hata shambulio lenyewe litokee. Na hakuna munganga anayeweza kuketi kando ya kitanda siku tatu bila kufumba macho. Kamera haisinzii.

Jibu la pili: mistari inaweza kudanganya. Mgonjwa akitafuna muhogo, mistari inajaa fujo. Akijikuna kichwa, vivyo hivyo. Kuna udanganyifu mmoja ambao wanganga wanaujua sana. Mama anampiga-piga mtoto mgongoni kusudi alale. Kichwa cha mtoto kinatikisika kidogo, nyuzi zinatikisika pamoja nacho, na kwenye mistari panaonekana mawimbi yaliyopangwa sawasawa kama ya kifafa. Bila kamera, mtoto huyo angeweza kupewa dawa kali miaka mingi kwa sababu ya mkono wa upendo wa mama yake.

Jibu la tatu: si kila kuanguka ni kifafa. Mwingine anazimia kwa sababu moyo unapiga vibaya. Mwingine anatetemeka kwa sababu ya huzuni ao hofu kubwa iliyofungwa moyoni mwake, na wakati ule mistari ya ubongo haionyeshi kifafa. Katika hospitali kubwa za kifafa, katika watu 10 wanaotumwa kwa sababu dawa hazikuwasaidia, karibu 2 ao 3 wanaonekana kuwa na mashambulio ya namna hii. Huyu hajifanyi. Hachagui kuanguka, na mara nyingi hakumbuki. Ni mgonjwa, lakini dawa yake ni nyingine.

Wanganga walielewa jambo hili zamani. Mwaka 1949, Hunter na Jasper walitangaza njia ya kupiga filamu ya mgonjwa pamoja na EEG yake. Siku hizi kamera na mashini vinafungwa katika kompyuta moja, na munganga anatazama vyote viwili kando kwa kando.

4. NAMNA YA KUWEKA KAMERA

Mambo haya ni kwa wauguzi na wasaidizi wanaotengeneza chumba. Lakini mgonjwa naye asome, kusudi aelewe kwa nini tunasogeza vitu vyake.

(a) Mahali. Weka kamera juu ukutani, upande wa miguu, kando kidogo. Ni lazima ione uso na mwili wote, toka kichwa hata vidole vya miguu. Kama ziko kamera mbili, moja itazame mwili wote na ya pili itazame uso. Shambulio linaweza kuanza kwa dole gumba moja, ao kwa pembe ya mdomo.

(b) Kusimama imara. Ifunge ukutani kwa misumari ya kuzungusha. Kamera iliyowekwa juu ya meza itasukumwa na sahani ya chakula, na usiku kucha itapiga filamu ya dari.

(c) Mwanga. Usielekeze kamera dirishani. Mwanga ukiwa nyuma ya mgonjwa, uso wake unakuwa kivuli kitupu. Kwa usiku, tumia kamera yenye taa ya mwanga usioonekana kwa macho ya watu. Picha yake haina rangi, lakini mgonjwa analala gizani na kila mwendo unaonekana.

(d) Chandarua. Hapa petu jambo hili ni kubwa. Chandarua kikishuka mbele ya kamera, mwanga wa usiku unagonga nyuzi zake na kurudi, na picha inakuwa ukungu mweupe. Lakini usimwache mgonjwa kwa mbu, maana malaria nayo inaleta degedege. Afadhali madirisha na mlango viwekewe wavu. Kama haiwezekani, tundika chandarua kipana, na kamera iwe ndani yake.

(e) Nyuzi za umeme. Umeme wa nyumba unapanda na kushuka mara 50 kila sekunde, nao unaingia kwa wepesi katika mistari ya EEG. Kwa hiyo uzi wa umeme wa kamera upite mbali na nyuzi za kichwa. Usivilaze pamoja, wala usivifunge kwa kamba moja. Chaja ya simu nayo isiwe karibu na mto.

(f) Sauti. Weka kisikilizio karibu na kitanda, mbali na feni, na dirisha la upande wa jenereta lifungwe. Munganga anataka kusikia kilio cha kwanza, na kusikia kama mgonjwa anaweza kusema baadaye.

(g) Ghala na umeme wa akiba. Filamu inakula nafasi nyingi kuliko mistari. Filamu nzuri inaweza kuchukua gigabaiti 1 kwa saa. Basi siku 3 zitachukua zaidi ya 70. Tazama nafasi iliyobaki kabla ya kuanza. Weka pia betri ya akiba, maana shambulio halingojei umeme urudi.

(h) Jaribu kwanza. Mlaze msaidizi kitandani. Ainue mkono wa kuume, kisha wa kushoto. Ataje jina lake kwa sauti ndogo. Zima taa, ajaribu tena. Kisha tazama filamu yenyewe, usitazame kioo tu.

5. SAA MOJA KWA VYOTE VIWILI

Hili ndilo jambo ambalo wengi wanalisahau, na likiharibika, kazi yote imepotea.

Kamera nyingi zinapiga picha 25 ao 30 kila sekunde. Mashini nayo inaandika mara mia nyingi kila sekunde. Munganga anatafuta kujua kipi kilitangulia: mstari ulibadilika kwanza ao mkono ulitetemeka kwanza? Mstari wa upande gani? Kama saa ya kamera inatangulia sekunde 10, filamu itaonyesha mkono tulivu wakati ubongo umekwisha kuwaka. Munganga atadanganyika, na mgonjwa atalipa deni la saa mbaya.

Kwa hiyo kamera na mashini vifuate saa moja ya kompyuta. Na usiamini tu, pima. Mgonjwa akiisha kubandikwa visahani, mwambie afumbe na kufumbua macho mara tatu mbele ya kamera. Kufumba macho kunaleta wimbi kubwa katika mistari ya mbele ya kichwa. Kisha gonga kisahani kimoja kwa kidole polepole, kamera ikiona. Wimbi na kidole vinapaswa kuonekana pamoja. Fanya hivi mwanzo, kila asubuhi, na mwisho.

6. SHAMBULIO LIKITOKEA

Wewe mama, baba ao ndugu unayekaa na mgonjwa, wakati huu wewe ni mkono wetu. Ukumbuke mambo haya kwa utaratibu:

Kwanza, bonyeza kitufe tulichokupa, ao mwite mwuguzi. Usingoje kuhakikisha. Afadhali kubonyeza mara kumi bure kuliko kukosa mara moja.

Pili, linda mwili wake. Mgeuze alale ubavu kusudi mate yatoke. Ondoa vitu vigumu. Usitie kijiko, wala kitambaa, wala kidole kinywani mwake. Usimfunge wala kumkandamiza. Tazama saa: shambulio likipita dakika 5, ni hatari, na mwuguzi atampa dawa ya kulisimamisha.

Tatu, ondoa blanketi. Kamera haioni mguu uliofunikwa.

Nne, usisimame kati ya kamera na mgonjwa. Hili ni gumu, maana moyo wa mzazi unataka kumfunika mtoto. Simama upande wa pili wa kitanda.

Tano, sema kwa sauti unachokiona: "Mkono wa kushoto unatetemeka. Kichwa kinageuka kuume. Macho yamefunguka." Mwite kwa jina lake. Mwambie ainue mikono yote miwili. Mpe neno moja, kama "embe", na akiisha kuamka umwulize kama analikumbuka.

Kwa nini tunauliza juu ya macho? Katika kifafa, macho mara nyingi yanafunguka. Katika mashambulio ya huzuni, mara nyingi yanafumba. Na kwa nini mkono? Mkono wa kushoto ukianza, mara nyingi chanzo kiko upande wa kuume wa ubongo, kwa sababu kila upande unaongoza mwili wa upande wa pili. Lakini alama moja haihukumu mtu. Munganga anakusanya zote.

7. HESHIMA YA MGONJWA

Mtu anayeanguka anaweza kujikojolea. Nguo zake zinaweza kufunuka. Hayo yote yanaingia katika filamu. Basi tunashika sheria hizi:

Hakuna filamu bila ruhusa. Mgonjwa, ao mzazi wake, anaelezwa kwanza katika lugha anayoisikia vizuri, naye anaweza kukataa. Alama inawekwa mlangoni kusudi wageni wajue kamera inaona na kusikia. Hakuna kamera chooni wala mahali pa kuoga. Wakati wa kubadili nguo, mwuguzi anaweka pazia. Filamu inafungwa kwa neno la siri, na wanaotazama ni wale wanaomtibu tu. Haionyeshwi katika mkutano, haitumwi kwa simu ya mtu, hata kwa kusudi la kuombewa. Ukitaka kumwombea mgonjwa, jina lake linatosha.

8. JIBU LIKIISHA KUPATIKANA

Kama ni kifafa, mshukuru Mungu kwa kuwa sasa mnajua njia. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema hata watu 70 katika 100 wangeweza kuishi bila mashambulio kama wangetambuliwa na kutibiwa vema. Dawa ni ya kila siku. Usiiache kwa sababu umepona wiki mbili. Kuiacha ghafula kunaweza kuleta shambulio kali la kuua. Mtoto arudi shuleni.

Kama ni mashambulio ya huzuni, msimcheke wala kumkemea. Katika nchi yetu wako wengi walioona mambo ambayo macho ya mtu hayakupaswa kuona. Anahitaji mtu mwenye elimu wa kuzungumza naye, saa nyingi na kwa upole. Kama alikuwa anakunywa dawa za kifafa, munganga mwenyewe ataamua namna ya kuzipunguza. Pengine mtu mmoja ana magonjwa yote mawili; hapo filamu inaonyesha shambulio lipi ni la namna gani.

Kama shambulio halikutokea, kazi haikupotea. Tutajaribu tena.

9. KAMA HAKUNA MASHINI KARIBU

Wengi wenu mnakaa mbali, na mashini hii haipo katika hospitali nyingi. Msikate tamaa. Munganga anaweza kutambua kifafa na kuanza dawa kwa kusikiliza habari zilizoelezwa vizuri, bila kungoja EEG. Na simu yenye kamera inaweza kumsaidia sana.

Mtu mmoja amlinde mgonjwa, na wa pili ashike simu. Kama uko peke yako, linda kwanza, filamu baadaye. Anza upesi. Rudi nyuma kidogo kusudi mwili wote uonekane, kisha karibia uso. Washa taa. Taja saa. Usiache mpaka mgonjwa ameanza kusema tena. Kisha mwonyeshe munganga peke yake. Filamu ya mgonjwa si habari ya kijiji.

YA KUKUMBUKA

Kifafa hakiambukizi. Mashini inasikiliza ubongo, na kamera inaona mwili. Vyote viwili vishike saa moja. Ondoa blanketi, usisimame mbele ya kamera, usitie kitu kinywani. Linda siri ya mgonjwa. Kuomba na kwenda hospitali havigombani.

MASWALI

1. Je, mate ya mgonjwa yanaweza kumpa mtu mwingine kifafa?
2. EEG isipoonyesha alama yo yote, je, mgonjwa hana kifafa? Eleza.
3. Mama anayempiga-piga mtoto mgongoni anaweza kuidanganya mashini namna gani?
4. Kwa nini saa ya kamera na saa ya mashini ziwe moja? Tunazipima namna gani?
5. Taja mambo matano ya kufanya shambulio likitokea.
6. Jirani yako amepiga filamu ya mtoto aliyeanguka njiani, naye anaionyesha kwa watu. Utamwambia nini?